Mkalimani wa Mabatini

Jumatatu, 1 Machi 1999

Mawingu yamesimama upande wa Ukerewe tangu juzi lakini mvua haijaanza. Leo mchana nimeangalia kanda mbili. Ya kwanza ni ya karate: shujaa anapigana na watu wengi kiasi kwamba shati linamchanika lote, suruali haipati hata doa. Ya pili ni ya majambazi wa benki. Wote wanakufa isipokuwa aliyestahili kufa.

Nauandika utaratibu wetu hapa kwa sababu hakuna mahali pengine ninapoweza kuusema. Mume wangu Cleophace ni mkalimani wa banda la video la Chenge, hapa Mabatini. Anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, na kila filamu ya kigeni inatoka kinywani mwake kwa Kiswahili. Watu wanamwita Profesa. Profesa aliishia darasa la saba kwao Muleba, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Mwenye kidato cha nne ni mimi. Tangu nipunguzwe kazi kwenye ofisi ya pamba, kila mchana ninajifungia bandani peke yangu, ninaangalia kanda, halafu ninarudi nyumbani kumsimulia tunapokula. Hataki maneno. Anataka kujua nani ni baba wa nani, nani anakufa kwanza na nani anaijua siri. Yaliyobaki anayajaza mwenyewe.

Na anajaza. Jambazi mkuu anakuwa mtoza ushuru wa soko letu. Mrembo anakuwa Suzana, muuza vitenge wa Igogo. Watu hawaji kuona filamu, wanakuja kusikia kama wamo. Kutajwa ni heshima. Wapo wanaomnunulia soda ili awaingize.

Jumatano, 3 Machi

Joto. Binti yetu Winnie ana mafua. Kanda moja, haina maana.

Jumanne, 9 Machi

Filamu ya Kihindi, saa tatu nzima. Mama na mwana wanapotezana kwenye mafuriko, na baada ya miaka mingi wanatambuana kwa wimbo. Nimelia, halafu nikajikasirikia. Huku kwetu watu wanaoishi nyumba moja hawatambuani, sembuse kwa wimbo.

Cleophace alipofika pale pa wimbo alimfanya mama awe anadai kodi ya nyumba. Banda zima lilicheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilichomsimulia kwa machozi kiligeuka hivyo, na ninakiri kwamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wahindi.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa mdogo wangu Masalu alikuja kula. Anavua sangara na kuwauza mwaloni Igogo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Mtumbwi aliachiwa na baba, nafasi yake pale mwaloni aliitafuta mwenyewe, na imemtoa jasho. Amekuwa mnene, ana sauti ya mtu anayelala vizuri.

“Shemeji,” alimwambia Cleophace, “hata mpiga kiwi umemwingiza kwenye sinema. Mimi utaniingiza lini?”

“Wewe una sura ya kufa mapema,” Cleophace alimjibu. “Nasubiri filamu ndefu.”

Masalu alicheka mpaka akapaliwa.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua ya kwanza, kubwa. Ikipiga juu ya bati kipaza sauti hakisikiki, kwa hiyo leo hakuna onyesho. Nilitumia nafasi hiyo kwenda mjini kwenye duka jipya la intaneti jirani na Posta. Kijana wa pale alinionyesha mahali pa kuandika neno. Niliandika jina la shule yangu. Hakuna. Niliandika Mwanza. Ulikuja ukurasa wa mzungu aliyepita hapa: amepiga picha mawe yetu na mbwa amelala barabarani, akasema mji umepooza lakini watu wanatabasamu. Mimi sikumbuki kutabasamu.

Halafu niliandika jina la sangara kwa Kiingereza. Mapishi yalikuja mengi: minofu kwa limau, minofu kwa siagi. Mmoja anawasifu samaki wetu kwamba hawana harufu. Sisi tunaobaki na mifupa, harufu tunaijua.

Ijumaa, 26 Machi

Redio: ndege za kivita zinapiga mabomu Ulaya kwenyewe. Jirani yetu Odeta, anayekaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani, kwenye kona, aliuliza kama wazungu nao wana wakimbizi. Nikamwambia wanao. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi nao waje kambini Ngara.”

Alhamisi, 1 Aprili

Watu walidhani ni mzaha wa siku yenyewe. Sio mzaha. Nchi za Ulaya zimesimamisha kununua samaki wa ziwa letu. Inasemekana kuna wavuvi wanaotumia sumu. Viwanda vya samaki vimeanza kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Redio iliitaja habari hiyo baada ya vita na kabla ya mpira.

Jumanne, 6 Aprili

Pasaka imepita kimya. Viwanda havikati samaki, kwa hiyo hakuna mapanki. Odeta amekaa mbele ya karai lisilo na mafuta. Lakini mwaloni sangara mzima anauzwa kama karanga, na kwa mara ya kwanza watu wa mtaa huu wanakula minofu. Wanaila huku wameambiwa ina sumu. Nilimwona mwanamke mmoja akiionja kwa ncha ya ulimi, anasubiri, halafu anawapa watoto.

Wanaume wasio na kazi wanashinda bandani. Chenge hajawahi kuwa na wateja wengi hivi. Ana dishi la satelaiti nyumbani kwake, na anasema amerekodi habari ya samaki kutoka televisheni ya nje. Ataionyesha Jumamosi. “Sinema inayowahusu nyinyi wenyewe,” ameandika kwa chaki kwenye ubao.

Jumamosi, 10 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Mchana niliiangalia kanda ile, nikairudisha nyuma, nikaiangalia tena. Ni fupi. Mtangazaji mwenye koti jepesi amesimama ufukweni. Anasema inashukiwa kuwa baadhi ya wavuvi wanamimina dawa ya wadudu majini ili samaki waelee. Hasemi wapi, hasemi nani. Kisha anaonekana mtu kwa mgongo, amevaa kofia, anamimina kitu kutoka kwenye chupa. Chini yameandikwa maneno madogo kwamba hiyo ni picha ya kuigiza.

Nilimsimulia Cleophace yote. Nilirudia mara mbili kuwa mtu yule ni wa kuigiza.

“Nimeelewa, Mama Winnie. Kwani mimi mtoto?”

Jioni banda lilijaa hadi madirishani. Masalu alikuwa kwenye benchi la mbele. Cleophace alianza vizuri, kwa sauti ya redio kabisa. Watu walinyamaza. Huo ukimya ndio uliomponza; hajazoea kunyamaziwa. Picha ya mgongo ilipotokea, nilimwona akijilamba midomo.

“Na huyu mnayemwona mgongo, ndugu watazamaji, msimtafute mbali. Ni shemeji yangu Masalu, wa mwalo wa Igogo. Anawatilia sangara dawa ya usingizi, maana wakiwa macho wanamcheka.”

Banda lililipuka. Na Masalu, mdogo wangu, alisimama, akainua mikono yote miwili kama mshindi wa ngumi, akageuka kila upande ili wote wamwone. Aliingizwa hatimaye. Sijamwona akiwa na furaha hivyo tangu siku ya harusi yake.

Jumatatu, 12 Aprili

Kanda inarudiwa kila jioni. Nilimwambia Cleophace aliache jina la Masalu. Akasema jana alijaribu kuliruka, watu wakapiga benchi kwa miguu: “Masalu! Masalu!” Hata Chenge alimfanyia ishara alitaje.

“Ni utani,” aliniambia. “Kila mtu anajua ni utani. Mtoza ushuru nimemuua mara ngapi?”

Hilo kweli.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua. Mtaro wa Mabatini umefurika, viatu vya watu vinaelea. Sasa wanakuja watazamaji ambao siwajui, wengine kutoka Kirumba na Buhongwa. Hao hawajawahi kumsikia Cleophace akimuua mtoza ushuru.

Jumatatu, 19 Aprili

Odeta ameniita pembeni.

“Mama Winnie, usinikasirikie. Mdogo wako hauzi.”

“Samaki wamekuwa wengi, kila mtu hauzi.”

“Wengine wanauza. Yeye wanampita. Mtoto wa yule mama wa mkaa ameharisha, wanasema samaki alinunuliwa kwa Masalu. Wanasema ana chupa, anaificha chini ya mtumbwi.”

“Nani ameiona?”

“Wote wameiona,” Odeta alisema. “Si imeonyeshwa?”

Odeta ananinywesha uji nikiumwa. Alikuwa bandani siku ya kwanza, alicheka akishika ubavu. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Jumatano, 21 Aprili

Masalu amekuja, hakukaa. Sungusungu, walinzi wa mwaloni, wamepindua mtumbwi wake wakitafuta chupa. Hawakuikuta. Wamesema hiyo inaonyesha jinsi alivyo mjanja.

Alimwambia Cleophace, “Shemeji, wewe nenda tu ukawaambie.”

Cleophace alikuwa anakula. Aliendelea kukata tonge ambalo tayari lilikuwa dogo.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimerudi kwenye intaneti. Leo sikutafuta shule wala mapishi. Nilitafuta habari yenyewe ya samaki nikaipata, ya shirika la habari la nje, na nikaomba ichapwe. Inasema yale yale ya mtangazaji: inashukiwa, haijulikani nani, haijulikani wapi, nchi zote za ziwa zinahusika. Igogo haimo. Nimeikunja na kuiweka ndani ya Biblia ili isilowe.

Kijana wa duka anasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa na kufuta kumbukumbu. Nilimwuliza kama na za watu.

Jumanne, 27 Aprili

Leo kamati ya mwalo imekaa kumjadili Masalu. Sina usingizi wala hamu ya kula, bora niandike.

Tulikaa ndani ya kibanda cha kupimia samaki, asubuhi, mvua ya manyunyu. Mwenyekiti ni Mzee Mashimba, mtu wa haki, sina ubaya naye. Niliwaamkia, nikaeleza kwamba kanda ile haikumtaja mtu, nikatoa karatasi.

Mzee Mashimba aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. “Hii ni Kiingereza.”

“Ndiyo, mzee. Nitaisoma.”

“Mama, wewe ni dada yake. Mtu hajipimii samaki wake mwenyewe.” Aliwatazama wenzake. “Mwiteni Profesa.”

Masalu alinigeukia, uso umekunjuka kabisa, kwa sababu hata yeye, shemeji mtu, anaamini kwamba Cleophace anajua Kiingereza. Alidhani tumepona.

Nami nilijipa moyo. Karatasi ile nilikuwa nimemsimulia Cleophace usiku uliotangulia, aya kwa aya, na kichwa chake kinashika. Alifika amevaa koti. Aliishika karatasi mbali kidogo na macho, kama msomi, akaanza. Alisema yote. Hakuongeza hata neno la kuchekesha. “Haijulikani ni nani,” alisema, “wala ni wapi.” Wajumbe walikuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali. Nilimpenda dakika ile, naandika ili isisahaulike.

Mzee Mashimba aliomba karatasi, akaitazama muda, akaweka kidole chini kabisa.

“Na hapa pamesema nini? Hapa hujapasoma.”

Kilikuwa kile kimstari ambacho mashine inakichapa yenyewe chini ya kila karatasi: anwani ya ukurasa na tarehe. Hakina habari yoyote. Mtoto wa kidato cha kwanza angesema, mzee, hii ni anwani tu. Lakini mimi sikumsimulia Cleophace mstari huo. Nani angeusimulia?

Cleophace alikitazama. Ningeweza kusema, na nilifungua mdomo, lakini yeye aliwahi. Alichagua maneno ambayo mtu wa redio huyasema akikosa la kusema, maneno ambayo hayamdhuru yeyote.

“Hapa wanasema, uchunguzi unaendelea.”

Wajumbe walitazamana.

“Basi,” Mzee Mashimba alisema taratibu, “kumbe hawajamaliza. Kama wenyewe wazungu hawajamaliza, sisi ni nani wa kumsafisha mtu? Masalu atakaa nje ya mwalo mpaka uchunguzi uishe. Asiuze, asiuziwe. Na watu wasile naye wala kumpa moto.”

“Mzee,” nikasema, “hiyo ni anwani ya karatasi. Huyu hajui Kiingereza. Kanda zote ninamsimulia mimi.”

Walianza kucheka, mmoja baada ya mwingine, si kwa ubaya. Mzee Mashimba peke yake hakucheka.

“Mama Winnie,” alisema, “uchungu wa ndugu tunaujua. Lakini usimvunjie mumeo heshima mbele ya wanaume. Profesa wa watu tunamsikiliza kila siku kwa masikio yetu.”

Nilimtazama Cleophace. Ilikuwa zamu yake kusema neno moja. Alikuwa ameinama, anaikunja karatasi kwa kuifuata mikunjo yake ya mwanzo.

Jumatano, 28 Aprili

Nimehamia chumbani kwa Winnie.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Maandamano ya wafanyakazi wasio na kazi. Redio imesifu ushirikiano.

Jioni Cleophace aliniomba niende bandani. Nilikwenda, nikasimama mlangoni. Kabla ya kanda aliwasha kipaza sauti akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia pale ndani, “Jamani, nataka kusema jambo la kweli. Kwenye ile kanda Masalu hayumo. Masalu nilimtunga mimi. Kiingereza sikijui, mke wangu ndiye anajua.”

Kilichofuata ni kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusikia pale. Watu walipiga mapaja. Mmoja alijifuta machozi kwa kofia, akasema, “Profesa leo umetuua.” Cleophace alirudia: “Jamani, sitanii.” Wakacheka zaidi.

Alinitazama kupitia vichwa vya watu. Miaka yote nimedhani mume wangu amekishika kile kipaza sauti. Leo nimeona kwamba mkono wake hautoki pale. Hasira yangu haijaisha, ila sasa haijui ikae wapi.

Halafu kanda ilianza na akaanza kusema, kwa sababu kanda haisubiri.

Jumapili, 9 Mei

Mke wa Masalu amerudi kwao Magu na watoto. Alikwenda kuomba moto kwa jirani, jirani akazima jiko lake mbele yake.

Sijaangalia kanda yoyote tangu mwezi uanze. Nilidhani banda litakufa bila mimi. Jana nilipita pale nje nikasikiliza kidogo. Ilikuwa filamu niliyoiona zamani. Cleophace alimfanya baba kuwa jambazi na maiti kuwa kaka wa bibi harusi, na kila kitu kilikuwa kichwa chini miguu juu. Banda lilijaa. Hakuna aliyeona tofauti.

Jumatatu, 17 Mei

Redio haijataja samaki wiki nzima. Wameshasahau huko waliko. Uchunguzi unaendelea.

Jumamosi, 22 Mei

Mvua zimekatika. Leo nimemsindikiza Masalu kwenda Kamanga, ng’ambo ya ziwa. Mtumbwi ameuacha Igogo, hakuna aliyekubali kumsaidia kuusukuma majini. Alikuwa na nyavu ndani ya gunia na blanketi. Rafiki wa marehemu baba upande wa Sengerema amekubali avue kwenye mtumbwi wake. Cleophace alitufuata mpaka kwenye pantoni, akambebea gunia. Wakati wa kuagana alisema, “Shemeji,” na Masalu akasema, “Haya.”

Kwenye pantoni Masalu alichangamka kidogo. Alisema ng’ambo hakuna anayemjua, hata jina anaweza kulibadili akitaka. Ataanza kama kijana tena. Nilikubaliana naye kwa kila alichosema.

Tulishuka. Pale wanapoegesha mitumbwi tulikuta mama mmoja anayeanika dagaa. Masalu alimsalimia vizuri, akauliza nyumba ya mwenyeji wake, na bila kufikiri akataja jina lake na kwamba ametoka Igogo.

Yule mama aliacha dagaa wake. Uso wake ulijaa furaha.

“Masalu? Masalu wa kwenye video?”

Masalu alihamishia gunia bega la pili.

“Nilikuona,” alisema. “Nilikwenda Mwanza kwa dada yangu, akanipeleka. Nimekuona kwa macho haya. Ulivaa shati jekundu, ukamimina, halafu ukageuka ukatutazama, hivi.” Akageuza shingo kutuonyesha. Kisha akaita kuelekea kwenye nyumba, “Njooni, njooni mwone mtu.”

Walikuja wanawake, watoto, na mzee mwenye mkongojo. Walisimama mbali kidogo, kwa heshima fulani. Hakuna aliyetukana. Mtoto mmoja aliuliza chupa iko wapi, akanyamazishwa.

Nilianza kusema, “Mama, mtu yule hakugeuka, hata uso—”

Masalu alinishika mkono.

“Acha, dada,” alisema.

Aliweka gunia chini, akavuta shati likae vizuri, akasimama wima ili wamtazame mpaka watosheke.